Kawa ya Saba

"Tema basi," Aminah alinong'ona. "Tema sasa. Ule mutu iko nangoja mbele."

Sumayah alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo, kikopo cha plastiki mkononi, mdomo umemkauka. Kilikuwa kikopo kidogo chenye kifuniko chekundu cha kuzungusha, na ubavuni kilibandikwa karatasi yenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya bluu: AMINAH. Kile chenye jina lake yeye, Sumayah, kilikuwa tayari kimefungwa na kuwekwa juu ya jiwe.

"Mate hapana toka," alisema.

"Hapana mate. Makohozi. Vuta ya chini kabisa. Si umeweza ya kwako?"

"Ya kwangu ni ya kwangu."

"Sumayah." Aminah alivuta kanga mpaka puani, asionekane na jua wala na majirani. Alikuwa bibi harusi, siku ya kumi na mbili ya kufungiwa ndani, na ngozi yake ilinukia moshi mtamu wa magogo ya mgunga aliyofukizwa kila jioni. "Dada yangu. Baba yangu na baba yako si walinyonya titi moja? Sisi si damu moja? Kama yako iko safi, yangu itakuwa chafu namna gani? Hii kukohoa ni dukhan tu. Moshi. Bibi harusi gani hapana kohoa?"

Sumayah alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na kila alipokaribia kupata neno la kujibu, mwenzake alikuwa ameshafika mbele na kufunga mlango. Ilikuwa kweli kwamba walikuwa damu moja. Ilikuwa kweli pia kwamba moshi hukohoza. Alivuta pumzi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema. Aminah akafunga kifuniko mwenyewe, akambusu shavuni harakaharaka, akarudi ndani ameinama, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Mtu aliyengoja mbele ya nyumba aliitwa Santino. Alitoka kituo cha afya. Alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi, na alizoea kukaa kwenye vigoda vya watu bila kuonyesha kwamba magoti yanamsumbua. Alipokea vikopo viwili, akasoma majina, akavipanga kwenye kisanduku chenye barafu. Hakuuliza kitu. Sumayah alitazama vidole vya miguu yake.

Miezi minne kabla ya hapo, katika nyumba hiyohiyo ya mtaa wa Oli, Arua, bibi yao Medina alikuwa amebaki mifupa na kikohozi. Wao walimwita Haboba, kama Wanubi wote wanavyowaita bibi zao, na ndiye aliyewalea wote wawili. Alipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Sumayah ndiye aliyemwosha, aliyemlisha uji, aliyelala naye mkeka mmoja kama alivyolala tangu siku alipoacha shule darasa la nne. Kwa hiyo watu wa kituo walimpima yeye kabla ya wote. Makohozi yake yalikuwa safi. Wakamchoma sindano ndogo mkononi, wakangoja siku tatu waone kama patavimba. Hapakuvimba. Baada ya miezi miwili wakamchoma tena, na mkono ukabaki laini vilevile. Aminah yeye, kila Santino alipokuja na vikopo vyake, alikuwa sokoni.

Haboba alipata nafuu kwa vidonge. Alianza tena kugombana na kuku na majirani, ndipo wakajua kwamba amerudi. Lakini mtaani swali lilibaki.

"Wewe ulilala ndani ya moto, hata nywele hapana ungua," Betty alipenda kusema. Betty alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mwuza dagaa aliyekuja kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita. "Tuambie, Sumayah, umekula dawa gani? Ama ni wewe ndiyo nalisha wengine?" Alikuwa akicheka aliposema hivyo. Lakini huko Arua kumwambia mtu kwamba anawatilia wenzake sumu si mzaha mtupu, na Sumayah alianza kuonja chakula mbele ya watu kabla ya kuwapakulia, hata maji, hata chai.

Halafu habari za Haboba zikafika mji wa Koboko, kwa watu wa Asuman, mchumba wa Aminah. Mama yake Asuman alituma ujumbe mfupi: bibi harusi apimwe, na karatasi iletwe.

Ndiyo maana ya vikopo; cha Sumayah kilikuwa cha kurudia tu.

"Sasa, Sumayah," Santino alisema, akifunga kisanduku. "Wewe ndiyo mimi nataka."

"Eeh!" Betty alipiga kelele kutoka kwenye karai lake la dagaa. "Haboba, chinja mbuzi ya pili! Tuko na harusi mbili!"

Sumayah alitamani ardhi immeze. Santino alicheka kidogo, akasubiri vicheko viishe. "Kuna madaktari wanataka damu yako. Chupa tatu, ndogo. Siyo kwa sababu uko mgonjwa. Ni kwa sababu hauko."

"Damu ya mutu mzima ya nini?" Haboba aliuliza. "Chukueni ya wagonjwa. Mimi niko nayo."

"Ya wagonjwa iko nyingi, Haboba." Santino aligeuza fomu yake, na nyuma yake akachora duara. Kuzunguka duara akachora vistari vifupivifupi vinavyotoka nje. "Huyu ni askari. Anakaa ndani ya damu, ndani ya kifua. Yeye hapana macho, anapapasa tu. Hii mistari ni vidole vyake. Kwa kitabu vinaitwa vipokezi. Sasa, kidudu cha tibii kinavaa koti. Koti ya nta, nzito. Askari akigusa ile nta, kidole kinatuma habari ndani: huyu mgeni! Basi anaita wenzake, mwili unachemka, wanazunguka yule mdudu, wanafunga yeye pale asitoke."

"Na kama kidole hapana jua nta?" Haboba aliuliza.

"Askari nameza mdudu, nafikiri mambo imekwisha. Kumbe mdudu iko hai. Nalala ndani ya tumbo ya askari, hata miaka. Siku mwili nachoka, yeye naamka."

Haboba alipiga paja. "Babu yangu alikuwa askari namna hiyo! Walimpa zamu, akalala, wezi wakaondoka na punda ya afisa. Sisi tumekuja na hiyo aibu kutoka Sudan."

Wote walicheka, hata Sumayah. Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, Aminah naye alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

"Dukhan," Betty alisema.

"Dukhan," Haboba alisema.

Sumayah alikuwa akitazama ule mchoro. Kwake yeye haikuwa picha ya askari hata kidogo. Ilikuwa kawa, kifuniko cha sinia cha ukindu, inayoanza kusukwa, ukiitazama kwa juu: kile kitovu cha mviringo, na nyuzi zinazochomoza kila upande kabla hujazikunja. Alitaka kuuliza kitu kuhusu vile vidole. Kabla hajalipanga swali lake, Santino akaenda zake.

*

Bibi harusi wa Kinubi haendi kwa mumewe bila kawa. Kila sinia la chakula litakalotandazwa mbele ya wakwe lazima lifunikwe, na kifuniko hicho husukwa kwao bibi harusi, kwa ukindu uliotiwa rangi, duara juu ya duara mpaka kitu kisimame kama kilima kidogo chenye ncha. Nyumba ya Haboba iliahidi saba. Sumayah alikuwa amemaliza sita.

Kazi hii hakufundishwa kwa maneno. Alikaa karibu na Haboba, akaiona, mikono ikaishika. Siku hizi wasukaji wengi wa sokoni walichanganya ukindu na nyuzi za magunia ya plastiki, kwa sababu zinang'aa. Haboba alizikataa. Lakini muuzaji huzichomeka katikati ya fungu, na kwa macho huwezi kuzijua, zimetiwa rangi ileile nyekundu, kijani ileile. Sumayah alizijua kwa vidole. Alitumbukiza mkono kwenye fungu huku akitazama kwingine, na vidole vilipopita juu ya uzi wa plastiki vilisimama vyenyewe. Ulikuwa na utelezi fulani, ubaridi fulani. Aliuvuta na kuutupa. Haboba, baada ya miaka hamsini ya kusuka, alikuwa akipitwa na nyuzi mbili tatu katika kila fungu. Sumayah hakupitwa. Hakujua kwa nini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Karatasi ilikuja baada ya siku mbili. Sumayah: hapana ugonjwa. Aminah: hapana. Aminah aliibusu karatasi, akacheza nayo chumbani mpaka pumzi ikamkatika na ikabidi akae.

Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi kuukuu, moshi usipotee. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo dogo la makaa na vipande vya mgunga. Kila jioni Aminah alikaa juu yake, amejifunika shuka zito, akitoka jasho, mpaka ngozi ipate rangi ya asali. Wasichana watatu wa mtaani walilala naye ili asiwe mpweke. Na kila jioni Betty alimleta Jada, mwanawe wa miezi kumi, na Aminah alimpakata, kwa sababu tumbo la bibi harusi linatakiwa kuzoea uzito wa mtoto wa kiume.

"Ona vile anapenda harufu ya mimi," Aminah alisema, akimpulizia Jada shingoni. Mtoto alicheka.

Sumayah alikuwa mlangoni na kawa ya saba mapajani. Aliona mkono wa Aminah ulioshika mtoto. Bangili ambayo mwezi uliopita ilimbana sasa ilishuka mpaka kwenye kiwiko na kurudi. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea sahani, na yeye ndiye aliyezirudisha zikiwa nusu. Alijiambia, bibi harusi wote hukonda. Alijiambia, damu moja. Lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya ukindu, na kila alipovilazimisha kuendelea, vilisimama tena.

*

Kawa humtangulia bibi harusi. Siku nane kabla ya harusi, msichana wa nyumba yake huzipeleka, na huko anakokwenda hukaribishwa chakula kilichofunikwa kwa kawa hizohizo, na mama wa bwana harusi huifunua ya kwanza kwa mkono wake. Haboba alimchagua Sumayah.

"Mimi hapana jua kuongea na watu," Sumayah alisema.

"Nani amesema uongee? Wewe kula tu, halafu rudi."

Alfajiri gari lililobeba mchele lilimchukua hadi Koboko, kawa sita zimefungwa kwa shuka jeupe, ya saba imebaki nyumbani haijaisha, karatasi ya kituo ndani ya blauzi yake. Huko alikuta ua uliofagiwa mpaka ukaacha mistari, na mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho yasiyotulia, aliyemshika mikono yote miwili, akaigeuza na kuitazama viganjani.

"Wewe ndiyo mikono," mama yake Asuman alisema. "Nilitaka kuona mikono."

Alifunua kawa ya kwanza. Chini yake palikuwa na wali na kuku. Sumayah alinyoosha mkono aonje kwanza, kwa mazoea, ili waone kwamba hakuna kitu, na mama yule akamzuia kwa upole. "Hapana. Hapa sisi ndiyo tunaonja. Wewe mgeni." Akala tonge la kwanza yeye.

Asuman mwenyewe aliitwa kusoma karatasi. Alikuwa kijana mwenye haya karibu sawa na za Sumayah, na aliisoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Iko safi, Mama. Hapana ugonjwa." Mama yake alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Halafu aliinuka, akamwita Sumayah ndani, akafungua sanduku la bati. Juu kabisa lilikuwa gauni la msichana, la rangi ya waridi, limekunjwa vizuri. Akaiweka karatasi juu ya gauni.

"Watu nasema mimi naringa, naomba karatasi kama afisa," alisema. "Mimi hapana ringa, binti yangu. Mimi naogopa. Nilikuwa na binti. Alikuwa nakohoa, na watu yote hapa walisema ni moshi ya jikoni. Mimi pia. Mimi ndiyo wa kwanza kusema ni moshi."

Sumayah alitazama gauni. "Na kama karatasi ingesema iko?"

Mama yule alikaa juu ya kitanda. "Hapana jua," alisema. "Kweli ya Mungu, hapana jua ningefanya nini. Labda ningengoja apone. Labda ningefukuza. Mimi hapana jua mimi ni mutu gani."

Akamwonyesha chumba cha maharusi. Kilikuwa kimepakwa chokaa mpya, kizuri, na dirisha lake lilikuwa limejengewa tofali kwa sababu ya wezi. Mikeka miwili ilikuwa imeshatandikwa pembeni. Ya wajukuu zake, alieleza. Mapacha. Watalala na bibi harusi siku saba za mwanzo, ndiyo baraka.

*

Alirudi na gari lilelile. Mchana ulikuwa bado mweupe lilipomshusha chini ya kilima cha Arua, na hakwenda nyumbani. Aliingia kituoni, akasimama pembeni ya mlango wa chumba cha Santino mpaka Santino mwenyewe akamwona.

"Eh, askari amekuja! Njoo, kaa."

Alimfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Chupa ya kwanza ikaanza kujaa. Sumayah alitazama damu yake ikiingia, nyeusi kuliko alivyodhani, na akajaribu kuona ndani yake wale vipofu wanaopapasa. Haikuonekana tofauti na damu ya kuku.

"Vidole," alisema.

"Nini?"

"Vidole ya askari. Ya mutu na ya dada yake. Ni moja?"

Santino alibadilisha chupa. Alikuwa mtu anayependa kuulizwa. "Hapana. Hata watoto wa tumbo moja. Huyu anapata vidole vya baba, yule vya mama, mwingine mchanganyiko. Wengine ni vyepesi kushika ile nta, wengine vinachelewa. Halafu kuna chakula, kuna hewa ya nyumba, kuna bahati. Ukweli, Sumayah, hatujui vizuri. Labda ni vidole. Labda ni kitu kingine kabisa. Kama tungejua, nisingekuchoma."

"Mutu hapana weza kukopesha mwingine?"

"Vidole?" Alicheka. "Ungekopesha nani?"

Aliinua macho, akaacha kucheka.

Sumayah alikuwa amebana pamba kwenye mkono. Mezani, kando ya kisanduku, vikopo vitupu vilikuwa vimepangwa, na kalamu ya bluu ilikuwa hapo. Alichukua kikopo kimoja. Akachukua kalamu. Tangu darasa la nne hakuwa ameandika mengi, na herufi zake zilitoka moja moja, kila moja ikisimama peke yake kama mtu anayengoja kuitwa. A. M. I. N. Alipofika kwenye herufi ya mwisho, miguu ya H haikulingana.

Santino alisoma. "Hii ni ya pili, ya nini? Yake nilishapima."

"Hii ndiyo ya kwanza," Sumayah alisema.

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Santino aliweka chupa ya tatu chini, haijaandikwa jina, akaisahau hapo. Sumayah alingoja apige kelele. Hakupiga. Alivuta daftari, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kazi tu, kavu.

"Nani iko nalala naye ndani?"

"Wasichana watatu." Kisha, kwa shida: "Na jioni, Jada."

"Mtoto ya Betty? Miezi ngapi?"

"Kumi."

Aliandika. Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu kuliko maneno aliyoambiwa. "Hiyo kikopo, kesho asubuhi, kabla hajakunywa kitu. Hao wote waje, hata wale wazima. Mtoto kwanza. Iko dawa ya kumkinga, Sumayah. Na Aminah, kama iko, inapona. Wewe umeona Haboba."

"Na Koboko? Karatasi iko kwao."

"Mimi kazi yangu hapana fika Koboko," Santino alisema, akampa kile kikopo.

*

Walikuwa wameshawasha dukhan. Aminah alikuwa juu ya shimo, kichwa tu kikitoka kwenye shuka, Jada amelala mkekani karibu na goti lake.

"Walisema nini? Walipenda? Asuman alivaa nini? Sema, wewe bubu!"

Sumayah alipita kando yake. Alikwenda dirishani, akashika pembe ya blanketi, akavuta. Lilikuwa limesokomezwa kwa nguvu. Lilitoka kipande kwa kipande, na mwanga ukaingia, na moshi wote wa chumba ukageuka na kuukimbilia.

"Una wazimu? Haboba! Haboba, Sumayah naharibu harusi!"

Haboba alifika akiburuta ndala. Alimkuta Sumayah katikati ya chumba, amekishika kikopo kwa mikono miwili, jina likitazama mbele.

"Nilifikiri ni moja," Sumayah alisema. "Damu. Nilifikiri yangu na yako ni moja."

Aminah aliliona jina. Uso wake ulibadilika mara nyingi kwa haraka, na wa mwisho ulikuwa mbaya. "Una wivu. Tangu zamani. Hakuna mwanaume hata mmoja amekuja kuuliza wewe, ila yule anataka damu. Umefurahi? Wewe hapana kohoa, wewe hapana konda, wewe chuma. Sasa unataka mimi nioze hapa na wewe."

Alitaka kuendelea, lakini kikohozi kilimkamata. Kilikuwa kirefu. Chumba kilikuwa na hewa sasa, moshi wote ulikuwa umeshaondoka, na kikohozi kiliendelea, na wote watatu walikisikia kikiendelea.

Haboba alikaa chini polepole, palepale kwenye mkeka wa bibi harusi, kitu ambacho hakiruhusiwi. "Mimi nilikohoa miezi tatu," alisema, "na nilisema ni baridi ya mvua." Hakuamuru kitu.

Sumayah alimwinua Jada, mzito kwa usingizi, akampeleka kwa mama yake. Betty alikuwa akichambua dagaa.

"Kesho mapema," Sumayah alisema. "Mpeleke kituo. Kwa Santino."

Betty aliacha dagaa. Alimpokea mtoto, akamgusa paji la uso, akanusa nywele zake, akamtazama Sumayah. Safari hii hapakuwa na kicheko chochote. "Umemlisha nini mtoto wangu?"

Sumayah alifungua mdomo. Alitaka kueleza habari za askari, na za koti la nta, na za chumba kisicho na dirisha, na kwamba si chakula, si mkono wa mtu, ni hewa. Yote yalifika kwa pamoja na hakuna lililopita. Betty akafunga mlango.

Kulipokucha alikuwa ameketi nje na kawa ya saba. Ulibaki ukingo peke yake, kazi ya saa moja. Alikuwa amechomeka sindano na kuichomoa, kuichomeka na kuichomoa, na hakujua kama anasukia harusi au anasuka kwa sababu mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Kengele za kanisa la Ediofe zilianza, mbali. Mlango wa Betty ulikuwa wazi na chumba kilikuwa kitupu. Betty hakusema anakwenda wapi, na kanga yake ya kumbebea mtoto haikuwepo kwenye kamba.

Aminah alitoka. Hakujifunika. Alipita mbele ya Sumayah kama asiyemwona, ngozi yake ya asali ikaingia kwenye mwanga wa asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili na zaidi, na ukaonekana mfupa wa bega. Akachukua kikopo ambacho Sumayah alikiweka juu ya jiwe. Alikifungua, na kifuniko akamsukumia dada yake bila kumtazama, kisha akaenda nyuma ya choo.

Sumayah alikaa na kifuniko kiganjani. Vidole vilikizunguka vyenyewe, vikapima ukingo wake, mikwaruzo yake midogo ya ndani. Alimsikia Aminah akivuta pumzi, akishindwa, akivuta tena. Kisha alimsikia akikohoa, kwa nguvu, kutoka chini kabisa.

Mkono ulitokea kando ya ukuta wa choo, umenyooshwa nyuma, umeshika kikopo. Sumayah akainuka, akakipokea, akazungusha kifuniko mpaka vidole vilipomwambia kwamba kimeshika. Juu ya paa, kutoka dirisha lililoachwa wazi, uzi mwembamba wa moshi wa makaa ya jana ulikuwa bado unatoka. Ulipanda kidogo, ukafika mahali ukasita, ukaelemea upande wa kaskazini, wa Koboko, ukarudi.